Gari la Mwisho Katika Jangwa la Chalbi
Klabu ya magari inapovuka Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kazi nzito kuliko zote humwangukia dereva wa gari la mwisho. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka: juu ni ukoko mweupe wa chumvi, na mvua ikinyesha hugeuka tope linalomeza magurudumu. Gereji huko ni za kutafuta, kwa hiyo gari hilo hubeba jeki na ubao wa kuizuia isizame, koleo, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo, vifaa vya kuziba pancha na maji ya akiba.

Dereva wake hula vumbi la msafara mzima. Katika kila kituo huhesabu magari. Mchangani husaidia kupunguza upepo wa matairi. Kwenye mawe makali ya volkano huyajaza matairi tena, moja baada ya jingine, wenzake wakinywa chai. Anayekwama haachwi, hata jua likizama. Bila kazi hiyo, tairi moja lililopasuka lingeweza kumwacha msafiri peke yake juani, mbali na mtandao wa simu. Akifika kambini Kalacha, hukagua nati za magurudumu kabla ya kula.