Nyuki wa Kuenea Kwenye Kalamu

Nembo nyingi humfikia fundi zikiwa hoi. Katibu wa chama kaipiga picha kutoka kwenye karatasi ya barua, kaituma WhatsApp kwa mwenyekiti, mwenyekiti kaipiga skrinshoti na kuitupia kundini, na kila hatua imeipunguzia kitu. Hii ya leo, ya chama cha wafuga nyuki, imeingia kwenye duka la uchapaji Kariakoo ikiwa na pikseli 640 kwa upana. Ukichapa vitone 300 kwa kila inchi, hapo una sentimita 5 na ushee tu. Wenyewe wanataka fulana nyeusi, kofia, vikombe na kalamu, vyote kwa ajili ya mkutano mkuu.

Fundi haanzi kuchora. Anaikuza picha kwenye kompyuta mpaka ukingo wa mzinga unakuwa ngazi ngazi, anaipitia kipande kwa kipande, herufi kwa herufi. Kandokando ya maandishi pana ukungu wa kijivu ambao haukuwemo kwenye nembo, umezaliwa njiani. Anataka kujua kilichochorwa ni kipi na takataka ni ipi kabla hajagusa kipanya.

CorelDRAW, programu anayoitumia, inaweza kufuatisha picha yenyewe kwa kubonyeza mara moja. Mwenye haraka angebonyeza. Ila kompyuta haibagui: ingefuatisha nyuki pamoja na ukungu wake, na kumwachia mamia ya nodi, yaani nukta zinazoushika mstari, na ubawa unaotetemeka. Yeye anaifunga picha kwenye leya ya chini, anaififisha, kisha anaichora upya juu yake. Duara la nje linamalizwa na nodi 4: juu, chini, kushoto, kulia. Ubawa unachukua nodi 3, na hapo ndipo muda unapokwenda. Anavuta mkono wa nodi, anatazama mkunjo, anaurudisha kidogo, anauvuta tena. Mikunjo hii ilienezwa miaka ya 1960 na Pierre Bézier, mhandisi wa Renault, aliyekuwa akitafuta namna ya kuchora bodi la gari kwa hesabu. Na kweli, ubawa ulipokaa sawa ulilala kama boneti. Mchoro wa namna hii hauna pikseli. Uchapwe kwenye kifungo au kwenye bango la barabarani, ukingo ni uleule.

Maandishi ya kuzunguka duara hayafuatishi hata kidogo. Anatafuta fonti yenyewe, anaandika upya, anapindisha, halafu anasogeza herufi mojamoja kwa sababu W na A zikipangwa na mashine huachana mno. Mwisho anayageuza kuwa michoro, ili faili likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo yasibadilike sura.

Mpaka hapa nembo ni moja. Kuanzia hapa zinakuwa nne, na ustadi wenyewe, kwa macho yangu, umo humu.

Fulana, inayochapwa kwa skrini, ni nyeusi na nyuki ni wa manjano mwenye mistari myeusi. Mteja amehesabu rangi mbili, manjano na nyeusi. Fundi naye amehesabu mbili, lakini si hizohizo: nyeupe na manjano. Wino wa manjano ukipakwa juu ya kitambaa cheusi hufifia, kwa hiyo chini yake hutangulia tabaka jeupe. Nyeusi haichapwi kabisa. Mistari ya nyuki inaachwa wazi, na kitambaa chenyewe ndicho kinachokuwa mistari. Tabaka jeupe analipunguza pembeni kama theluthi ya milimita, ili skrini zikipishana kidogo lisichungulie. Filamu zote mbili za kutengenezea skrini zinatoka nyeusi tii, hata ya manjano, maana kazi yake ni kuzuia mwanga tu: dawa ya skrini ikipigwa mwanga hukauka na kushika, na palipozibwa huoshwa kwa maji pakabaki matundu ya kupitishia wino.

Kikombe kina mambo yake. Kinachapwa kwa joto la kama nyuzi 200, kwa wino usio na rangi nyeupe, kwa hiyo weupe wa mabawa utakuwa weupe wa kikombe. Wino hupitia kwanza kwenye karatasi, basi faili linageuzwa kama kwenye kioo. Kofia inadarizwa, na herufi iliyo chini ya milimita 5 nyuzi zake hubanana. Maneno ya kuzunguka yanaondoka. Sindano inapangiwa kuanza katikati, kwenye mshono wa mbele, na kutoka nje, ili kitambaa kisijikusanye.

Kalamu ndiyo inayomsumbua kuliko vyote. Nafasi iliyopo ni urefu wa sentimita 5 na kimo cha milimita 7. Dada aliyeleta kazi anasema, "Si uipunguze tu, kaka?" Fundi anaipunguza, anaichapa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, anaikata kwa mkasi na kuizungushia kalamu. Dada anasogeza macho. Mishipa ya mabawa imekuwa doa. Wala fundi hasemi neno. Anarudi kwenye kompyuta, anafuta mishipa yote, anaacha mistari miwili ya tumbo badala ya mitano, ananenepesha miguu, analitoa jina kwenye duara na kulinyoosha pembeni. Anachapa, anakata, anazungusha. Bado miguu. Anarudi tena. Mara ya tatu yule ni nyuki, na ni yuleyule wa kwenye fulana, ingawa karibu nusu ya michoro yake haipo.

Mafaili anayapa majina yanayosomeka: fulana nyeusi, kofia, kikombe, kalamu. Anamrushia dada nakala zote kwenye simu.

"Nikitaka kumtumia mwenyekiti?"

"Itume kama dokumenti, dada. Usiitume kama picha."

Dada anaitikia, anafungua kundi la chama, na kidole kinaelekea moja kwa moja kwenye alama ya kamera.

"Dada," anasema fundi.