Kimya kama Tendo la Kidrama: Tahakiki ya Kipindi cha Redio "Sunday Afternoon at Home" (1958)

1.0 Utangulizi

Tarehe 22 Aprili 1958, Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilirusha hewani "Sunday Afternoon at Home", yaani Jumapili alasiri nyumbani. Hiki ni kipindi kimojawapo cha mfululizo wa vichekesho wa Hancock's Half Hour, ulioandikwa na Ray Galton na Alan Simpson na kusikika redioni kuanzia mwaka 1954 hadi 1959. Mhusika mkuu, anayeigizwa na Tony Hancock na kubeba jina la mwigizaji wake, ni mtu wa majivuno makubwa na mafanikio madogo, anayeishi katika kitongoji cha kubuni cha East Cheam. Katika vipindi vingine hutapeliwa na rafiki yake Sid au huingia katika mradi unaomtia aibu. Katika kipindi hiki hakuna mradi wala utapeli. Hancock na wenzake wamekaa nyumbani, mvua inanyesha, nao wanangoja siku iishe.

Kwa sababu hiyo, kipindi hiki hutajwa kuwa kichekesho kisicho na msuko. Tahakiki hii inahoji kwamba kauli hiyo, ijapokuwa hutolewa kama sifa, inapotosha. Msuko upo, ila tendo kuu linaloujenga ni kimya.

2.0 Kimya na Chombo cha Redio

Jukwaani, mwigizaji anaweza kunyamaza na bado akaonekana. Redioni, mhusika asiyetoa sauti hayupo. Ndiyo maana vichekesho vingi vya redio vya enzi hiyo vilijazwa utani wa haraka, sauti za ajabu na vipande vya muziki. Galton na Simpson walikusudia kuachana na desturi hiyo na kukiegemeza kicheko katika tabia ya mhusika na hali anayojikuta ndani yake. Katika kipindi hiki wanalifikisha kusudio hilo mbali zaidi. Mazungumzo yanaanza kwa pumzi ndefu za mtu aliyechoka, na kati ya kauli moja na nyingine kuna vituo virefu. Hancock anauliza ni saa ngapi. Anapoambiwa ni saa nane mchana, anashangaa jinsi muda unavyojikokota.

Msimulizi wa riwaya anaweza kusema kwamba wahusika walishinda nyumbani bila la kufanya, kisha akaruka hadi jioni. Hapa, kila sekunde ya uchovu inayomwelemea Hancock inapita pia kwa msikilizaji. Muda wa tukio na muda wa usikilizaji unalingana, hivyo msikilizaji haelezwi tu kuhusu uchovu bali anatiwa ndani yake.

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hadhira iliyohudhuria urekodi wa kipindi ilikuwa na matarajio ya namna hiyo: baada ya kila kituo lazima kije kichekesho. Mshindo hauji. Kinachokuja ni pumzi nyingine, au swali lilelile la saa. Hadhira inacheka kwa kugundua kwamba imengoja bure, kama Hancock anavyongoja.

3.0 Mvutano Bila Tukio

Msuko huhitaji nia na kizuizi. Nia ya Hancock ni kuipitisha Jumapili. Kizuizi chake ni muda wenyewe. Kila anachofanya ni jaribio la kukishinda kizuizi hicho. Analalamikia chakula cha mchana kilichopikwa na Bi Pugh, anayeigizwa na Hattie Jacques, hasa mchuzi wake mzito, na mapishi ya mama yake yanaingizwa katika ulinganisho ambao hauwapi heshima wapishi wote wawili. Malalamiko hayo hayabadilishi lolote, ila yamekula dakika kadhaa.

Jaribio lenye uzito zaidi kitahakiki ni lile la karatasi za ukutani. Hancock anadai kwamba mtu akizikazia macho, ataona sura za watu katika maua na michoro yake. Msikilizaji wa redio haoni ukuta wala karatasi, hata hivyo anaziona sura hizo kwa maneno ya Hancock peke yake. Kwa hiyo mhusika anafanya kazi ileile ya msikilizaji: kuumba picha pasipo na kitu. Kipindi kinaidhihirisha sanaa ya redio bila kuitaja.

Kisha anaingia jirani, anayeigizwa na Kenneth Williams. Mgeni anatarajiwa kuwa faraja, lakini anageuka kuwa mzigo mwingine. Hata hivyo, hapa ndipo kipindi kinapolegea. Baada ya jirani kuingia, maneno yanaongezeka na vituo vinapungua, na kichekesho kinarudi kwa sehemu katika desturi ya zamani ya kutegemea sauti ya mwigizaji.

4.0 Jumapili kama Asasi

Ni rahisi kukihusisha kipindi hiki na tamthilia ya kiabsadi. The Birthday Party ya Harold Pinter, mwandishi aliyesifika kwa matumizi ya vituo, ilioneshwa kwa mara ya kwanza Cambridge tarehe 28 Aprili 1958, siku sita tu baadaye. Ufanano upo, lakini una mipaka. Katika Waiting for Godot ya Samuel Beckett, wanaongoja wako kwenye barabara isiyo na jina, na wanayemngoja haji. Uchovu wa Hancock una anwani. Nchini Uingereza wakati huo, majumba ya tamthilia hayakufunguliwa Jumapili kutokana na sheria iliyoanzia mwaka 1780. Sinema ziliruhusiwa kwa masharti chini ya sheria ya mwaka 1932. Maduka mengi yalifungwa, na vilabu vya pombe vilihudumu kwa saa chache za mchana na za jioni. Jumapili hiyo ilitengenezwa na watu. Zaidi ya hayo, Jumatatu itafika bila shaka, na uhakika huo ndio unaokibakiza kipindi katika utanzu wa kichekesho.

Hata hivyo, sheria haitoshi kuwa maelezo kamili. Ilifunga majumba ya burudani, haikufunga vinywa. Hancock amezungukwa na marafiki, na mazungumzo hayahitaji kibali. Kila anapoyaanza, yanaishia katika lawama. Nyuma ya kicheko kuna upweke wa mtu asiyejua kukaa na wenzake pasipo shughuli ya kuwaunganisha.

5.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonesha kwamba "Sunday Afternoon at Home" haikukosa msuko, bali iliuhamisha kutoka kwenye tukio hadi kwenye muda. Matokeo hayo yana maana kwa mbinu ya uhakiki. Mswada wa kipindi unaweza kuandika neno "kimya", lakini hauwezi kuonesha urefu wake, wala kicheko kinachokifuata. Matini ya msingi ni sauti iliyorekodiwa. Baadhi ya vipindi vya mfululizo huu havikuhifadhiwa, na hata pale maneno yake yalipobaki, sehemu ya kazi iliyobebwa na ukimya imepotea. Mtafiti wa tamthilia ya redio hana budi kusikiliza kabla ya kusoma.