Neno Lipi Limezeeka? Dhiraa, Mkono na Kamusi ya Johnson

Sisi wanafunzi wa lugha tuna tabia moja. Tukikutana na neno la Kiingereza tusilolijua, tunaliona la kisomi. Tukikutana na la Kiswahili tusilolijua, tunasema limekufa. Katika insha hii naihakiki tabia hiyo kwa kutumia neno "cubit" na kamusi ya Kiswahili–Kiingereza ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939.

Nilikutana na "cubit" nikiwa sekondari, Koboko, katika Biblia ya King James, pale Nuhu anapoagizwa kujenga safina ya urefu wa "cubits" 300. Mwalimu alituambia ni neno la zamani, ni kipimo. Nikakimbilia Biblia ya Kiswahili ya Union, nikakuta dhiraa 300. Sasa nilikuwa na maneno mawili nisiyoyajua badala ya moja.

Nilipofika chuoni, Johnson ndiye aliyenitoa gizani. Dhiraa ni urefu kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pia huitwa mkono. Nilicheka peke yangu maktabani. Bibi yangu hupima hivyo hivyo kamba ya kufungia mbuzi, na hajawahi kufungua kamusi. Kumbe "cubit" nalo limetokana na neno la Kilatini la kiwiko, na dhiraa ni mkono kwa Kiarabu. "Fathom" nayo hapo kale ilikuwa mikono miwili iliyofunguliwa kana kwamba inakumbatia, yaani pima yetu. "Span" ni shibiri, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa.

Johnson, aliyeendeleza kazi ya Madan, alimwandikia msomaji wa Kiingereza. Kwake "fathom" ilikuwa ufunguo na pima ilikuwa kufuli. Leo, kwa msomaji kama mimi, mambo yamegeuka: pima ndiyo inayonifungulia "fathom". Ufafanuzi umezeeka kuliko kinachofafanuliwa.

Nguvu ya kamusi hii ni kwamba haikuishia kwenye visawe. Inaonyesha mwili unaopima, hata ikatofautisha dhiraa kamili na dhiraa konde, ile inayoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Neno "cubit" peke yake halituonyeshi tofauti hiyo. Udhaifu wake ni kwamba msingi wake ni Kiswahili cha Unguja, lahaja iliyochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji. Sisi wa bara tunaingia humo kama wageni, tukidhani kila neno geni ni la pwani, kumbe tendo lenyewe liko nyumbani kwetu.

Mtu anaweza kupinga kwamba mita imeshinda, kwa hiyo maneno haya yote ni ya makumbusho. Sikubali. Neno huzeeka pale tendo lake linapoachwa, na mkono haujaachwa. Kilichoachwa ni kuuliza.

Hapa Arua jambo hili lina uzito wake. Bado wapo wanaokiona Kiswahili kuwa lugha ya kambi za jeshi, na agizo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikuifuta picha hiyo. Ndiyo maana mwanafunzi anaona fahari kukariri "cubit", lakini anaona haya kuandika mkono katika insha, kwa kuwa hilo ni neno la nyumbani. Nami nimewahi kufanya hivyo.

Kwa hiyo, wenzangu, kabla ya kuandika pembeni mwa neno kwamba ni la kale, tuulize kwanza: ni la kale kwa nani? Jibu huenda liko uani, na mbuzi wake amefungwa kwa kamba ya mikono saba.