Vita, Halaiki na Mbari: Kuhusu Utenzi wa Vita vya Uhuru

Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945 wa Shaaban Robert ulipigwa chapa mwaka 1967, miaka 5 baada ya kufa mtungaji wake. Una beti zipatazo 3,000, nao husifiwa kwa urefu wake na kwa usafi wa lugha yake. Sifa hizo ni haki yake. Walakini yafaa kuutazama kwa jicho jingine. Mwanafunzi wa historia, tuseme kijana wa skuli ya Mwanakwerekwe katika Unguja, atakaye kujua ufashisti ulikuwa nini na jinsi ulivyoangamiza watu, atapata nini katika utenzi huu, na nini itampasa akitafute kwingine?

Neno la kwanza la kupimwa ni lile lililomo katika jina la kitabu. Uhuru kwa asili ni hali ya mtu asiyekuwa mtumwa. Katika Unguja hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897, kwa hiyo wazee wa mwaka 1939 waliijua maana hiyo kwa macho yao. Katika utenzi, uhuru ni kuokoka na utawala wa Hitler na wenziwe. Kitabu kilipotoka mwaka 1967, neno lilikwisha kuchukua maana ya tatu, nayo ni kujitawala. Askari wa King's African Rifles waliopigana Uhabeshi mwaka 1941, Bukini mwaka 1942 na Burma mwaka 1944 waliupigania uhuru wa maana ya pili, hali wao wenyewe hawajapata ule wa tatu. Jina la utenzi linazifunika maana hizi zote kwa nguo moja, na ni kazi ya msomaji kuzitenga.

Jambo la pili ni tarehe. Mwaka 1939 ndio mwanzo wa vita kwa saa ya Ulaya. Kwa Afrika ya Mashariki ufashisti ulikwisha kubisha hodi zamani. Majeshi ya Mussolini yaliingia Uhabeshi mwezi wa Oktoba 1935, yakatumia hewa ya sumu. Na mwezi wa Februari 1937, baada ya Graziani kunusurika kuuawa, raia wa Addis Ababa waliuawa kwa siku kadha wa kadha. Msomaji akiifuata tarehe ya jalada peke yake, atadhani kwamba maafa haya yalitoka mbali yakaja kwetu mwisho.

Jambo la tatu ni umbo lenyewe. Utenzi, tangu Chuo cha Herekali, umezoea pande mbili zinazokabiliana: huyu ana jeshi na yule ana jeshi, na kila upande una mashujaa wa kutajwa kwa majina. Umbo hilo linaifaa vita. Lakini maangamizi si vita. Anayeuawa kwa sababu ya kuzaliwa kwake hana jeshi, wala hakuna pigano la kusimuliwa. Hapo hadithi ya mashujaa hukosa pa kushika.

Msamiati nao ulichelewa. Vita ilipoanza, hapakuwa na neno mahsusi la kosa hilo hata katika lugha za Ulaya. Raphael Lemkin alilitangaza la kwake mwaka 1944, na Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wake tarehe 9 Desemba 1948. Kiswahili sasa kina maneno mawili. Mauaji ya halaiki hutaja wingi wa watu tu. Na tena katika Unguja halaiki ni lile gwaride la wanafunzi katika sherehe za Mapinduzi, hivyo neno huingia sikioni na furaha isiyo mahali pake. Mauaji ya kimbari, yaliyoenea baada ya Rwanda mwaka 1994, yametoka katika mbari, yaani ukoo. Hili ni bora zaidi, kwa kuwa hutaja anayelengwa, ingawa mbari ni nyembamba kuliko taifa, kabila, rangi na dini zilizotajwa na mkataba. Lililo kuu katika sheria ni nia, na hakuna hata moja kati ya maneno haya mawili linaloitaja.

Tofauti hii si ya wanazuoni peke yao. Katika Unguja waliuawa watu wengi baada ya tarehe 12 Januari 1964, wengi wao Waarabu, na idadi yao ina mabishano hata leo. Wako wanaoyaita mauaji hayo kimbari, na wako wanaoliona neno mapinduzi kuwa limekwisha kueleza yote. Neno la kwanza linadai ushahidi wa nia. La pili hutaja kubadilika kwa utawala, halisemi lolote juu ya maiti. Mwanakwerekwe pana skuli na pana makaburi. Kijana anayesoma hapo anastahili maneno yasiyotumiwa kama tusi, wala kufichwa kwa hofu.

Basi Utenzi wa Vita vya Uhuru na usomeshwe, kwani hakuna aliyevisimulia vita hivyo kwa Kiswahili kwa upana kama huo. Lakini usomeshwe pamoja na habari za Uhabeshi na hukumu ya Arusha ya tarehe 2 Septemba 1998, ambapo kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Mtungaji alitoa alichokuwa nacho kwa lugha ya wakati wake. Upungufu wa maneno uliobaki ni deni la wenye lugha walio hai.