Paa Linateleza, Mlango Una Ngazi

Kabla sijaacha chuo, nilichora shule ya muziki. Paa lilipanda na kushuka kama mawimbi ya sauti, na nilijisifu kweli. Mlangoni nikaweka ngazi tatu. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu angeingilia wapi? Hakuna aliyeniuliza.

Kosa hilo lina ukoo mkubwa. Banda la Philips, Brussels, 1958, ndilo mfano wanaoupenda wasanifu majengo wakizungumzia muziki. Iannis Xenakis, mtunzi aliyefanya kazi kwa Le Corbusier, alichukua fidla zinazoteleza kutoka noti hadi noti katika Metastaseis, akazigeuza kuta zilizojipinda. Kazi nzuri, sibishi. Lakini huo mtelezo ni wa macho. Miguu na magurudumu hayakupata kitu.

Mimi naona rampu ndiyo fidla inayoteleza. Ngazi ni piano. Zile ngazi zangu zilipanda sentimita 45. Kwa mteremko wa 1 kwa 12, rampu ingehitaji mita 5.4. Mwendo wa kutosha kusikia tarumbeta za darasa moja zikififia na ngoma za jingine zikikaribia. Badala yake rampu hutupwa nyuma, karibu na mapipa ya taka.

Halafu sakafu. Evelyn Glennie, mpiga ngoma kiziwi kutoka Scotland, hupiga bila viatu ili mtetemo umfikie kupitia miguu. Mbao zingempelekea. Mimi nilikuwa nimechora zege tupu juu ya udongo, kisha vigae.