Jina na Mji wa Leso: Funzo kutoka Chapa za Kijapani

Makala haya yanajadili kasoro moja iliyokita katika uhakiki wa fasihi ya leso, nayo ni kuyanyofoa majina na kuyaorodhesha kana kwamba ni methali tupu. Hoja yetu ni kwamba jina na picha ni matini moja. Chapa za Kijapani za vibao vya mbao zinatusaidia kuliona jambo hili.

Katika sanaa hiyo msanii alichora, mchongaji akachonga vibao, mchapaji akachapa rangi moja baada ya nyingine, na mchapishaji akagharamia. Hiroshige, katika mandhari yake ya jiji la Edo ya miaka ya 1856 hadi 1858, alichora maabadi ya Kishinto ya Kameido, yenye daraja la tao na maua yaning'iniayo. Jina la mahali limo ndani ya picha. Kabla yake, Hokusai alichora msururu uliotokana na diwani ya kale ya mashairi mia moja. Kila shairi limo katika chapa yake, na pengine picha hulifasiri kwa mzaha. Asomaye shairi pekee huukosa mzaha huo.

Leso nayo ina pindo, mji na jina. Tuchukue methali "Wema hauozi". Ikiandikwa chini ya mji wa nanga, wema unakuwa uthabiti. Ikiandikwa chini ya maembe mabivu, tunda lioza upesi, picha inabishana na maneno, na msomaji analazimika kuamua ni kipi cha kuaminiwa. Maneno ni yale yale. Maana si ile ile.

Hata hivyo, ulinganishi huu una mpaka. Chapa hushikwa mkononi na kutazamwa kwa utulivu. Leso huvaliwa, na aghalabu jina huangukia nyuma ya mvaaji. Hadhira yake ni anayefuata nyuma, naye hulisoma kwa kuzingatia pia nani kalivaa na mbele ya nani.

Huenda ikadaiwa kwamba leso si fasihi yetu kwa kuwa nyingi, katikati ya karne ya 20, zilichapishwa Japani kwenyewe. Dai hili halina mashiko. Kiwanda kilitoa kitambaa. Lugha, mafumbo na hukumu ya soko vilikuwa vya pwani. Alama "Mali ya Abdulla" inamtambulisha mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ilhali aliyetunga jina hatajwi. Japani Hiroshige alitia sahihi yake. Kwetu mtunzi amemezwa na bidhaa, na orodha zetu za majina zinammeza mara ya pili.

Kwa hiyo mtafiti atakayekwenda Muyeye, Malindi, asirudi na daftari la misemo pekee. Aandike rangi, pindo, mji, mvaaji na tukio. Pasipo hayo atakuwa amekusanya maneno na kuiacha fasihi kule kule alikoikuta.