Kabla ya C ya Juu: Mwongozo wa Kupima Mwimbaji wa Bel Canto kwa Sauti ya Pavarotti

Usiku wa tarehe 17 Februari 1972, katika jumba la Metropolitan Opera jijini New York, Luciano Pavarotti aliimba C ya juu mara tisa ndani ya wimbo mmoja wa La fille du régiment, opera ya Gaetano Donizetti. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo, na opera ilipomalizika aliitwa mbele ya pazia mara 17. Tangu hapo akabandikwa jina la mfalme wa C za juu, na mamilioni ya wasikilizaji wakazoea kumpima kwa noti hiyo moja.

Kipimo hicho kinapunja. C ya juu hupita upesi, na kijana mwenye koo imara anaweza kuifikia kwa mabavu tu. Ufundi hujulikana kwa njia aliyopita mwimbaji kufika pale, na zaidi kwa nyimbo ambazo noti hiyo haimo kabisa. Rekodi kubwa ya makofi ya Pavarotti ni ushahidi: mjini Berlin, tarehe 24 Februari 1988, aliitwa mbele ya pazia mara 165, na makofi yakaendelea kwa saa 1 na dakika 7. Opera ya usiku huo ilikuwa L'elisir d'amore, ya Donizetti pia, na wimbo wake mashuhuri kuliko yote, "Una furtiva lagrima", hauna hata C moja ya juu.

Bel canto ni ufundi wa uimbaji uliokomaa nchini Italia kuanzia karne ya 17, na opera za Rossini, Bellini na Donizetti zimebaki kuwa mtihani wake mkuu. Mwimbaji huimba bila kipaza sauti, okestra nzima ikiwa mbele yake, na bado kila neno linatakiwa limfikie aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Mtihani huo hauvukwi kwa kipaji pekee. Pavarotti alizaliwa Modena tarehe 12 Oktoba 1935. Baba yake, Fernando, alikuwa mwoka mikate mwenye tenori nzuri, ile sauti ambayo kwaya zetu huiita ya tatu. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Baba na mwana waliimba katika kwaya moja, na mwaka 1955 kwaya hiyo ilishinda mashindano ya kimataifa ya Llangollen, Wales. Wakati huo kijana alikuwa ameshaanza masomo kwa Arrigo Pola, aliyemfundisha bila malipo na kumshikilia kwanza kwenye mazoezi ya irabu. Baadaye akaenda kwa Ettore Campogalliani wa Mantova. Hakupanda jukwaa la opera hadi tarehe 29 Aprili 1961, mjini Reggio Emilia, alipoimba sehemu ya Rodolfo katika La bohème ya Puccini.

Pumzi

Anayetaka kupima aanzie hapa, kwa kuwa mengine yote yanasimama juu ya pumzi. Dalili ya kwanza ni ukimya: uvutaji wa pumzi usisikike, na mabega yasipande. Dalili ya pili iko mwishoni mwa sentensi ya muziki. Mwimbaji dhaifu huanza vizuri, kisha noti za mwisho zikanyong'onyea au zikashuka chini ya mahali pake. Fundi humaliza sentensi akiwa bado na akiba.

Pavarotti mwenyewe alisimulia mara nyingi alikoipata akiba hiyo. Mwaka 1965 alizunguka Australia pamoja na Joan Sutherland, soprano mkubwa wa nchi hiyo, ambaye wakati huo tayari alikuwa nyota wa dunia. Pavarotti, kijana mwenye sauti nzuri isiyodumu usiku hadi usiku, aliweka mikono yake tumboni mwa Sutherland ili ahisi jinsi misuli ya kiwambo inavyoshikilia hewa kabla ya noti kutoka na wakati inapotoka. Rekodi alizoimba naye baada ya safari hiyo zinaonyesha kwamba somo lilimwingia.

Mstari

Waitaliano huita legato ule uimbaji ambao noti moja inaingia ndani ya nyingine bila pengo wala mkwaruzo. Ni kama uzi wa shanga: shanga zinaonekana moja moja, lakini hakuna inayoanguka. Kasoro ni mbili, na zinapingana. Kuna anayekata kila silabi kana kwamba anasoma orodha, na kuna anayeburuta sauti kutoka noti hadi noti mpaka msikilizaji asijue wimbo unasimama wapi.

Sikiliza "Una furtiva lagrima" katika rekodi ya 1970, Richard Bonynge akiongoza okestra. Wimbo unafunguliwa na basuni peke yake, zumari refu la sauti ya chini, huku kinubi kikidonoa chini yake. Basuni haina maneno, kwa hiyo mstari wake hauna konsonanti za kuukata. Tenori anaingia na wimbo uleule, akiwa na mzigo wa silabi za Kiitaliano mdomoni. Swali la kumwuliza ni hili: je, mstari wake unateremka laini kama ule wa basuni? Kwa Pavarotti jibu ni ndiyo, na maneno bado yanasikika yote.

Kivuko

Kila sauti ina mahali ambapo ya kifuani hukutana na ya kichwani. Kwa tenori, kivuko hicho kiko karibu na F, F kali na G, chini kidogo ya noti zinazoshangiliwa. Asiyefundishwa hupeleka sauti ya wazi juu moja kwa moja, na inageuka kelele. Aliyefundishwa huifunika: irabu huwa ya duara kidogo, koo hubaki tulivu, na sauti huvuka bila mtu kugundua mshono. Pavarotti aliuona ujuzi huu kuwa muhimu kwa tenori yeyote, na aliwahi kuueleza kwa kuimba ngazi ileile mara mbili, kwanza wazi kisha kwa kufunika.

Historia inasaidia masikio hapa. Donizetti na Bellini waliandika wakati tenori walizoea kuimba noti za juu kabisa kwa sauti nyepesi ya kichwani. Gilbert Duprez ndiye aliyeishangaza Paris mwaka 1837 alipoimba C ya juu kwa sauti nzima ya kifua katika Guillaume Tell ya Rossini, na Rossini mwenyewe hakuvutiwa. C za Pavarotti ni za ukoo wa Duprez. Lakini katika rekodi ya I puritani ya 1973 kuna F ya juu zaidi ya hapo, ambayo Bellini alimwandikia Giovanni Battista Rubini mwaka 1835, na hapo Pavarotti alitumia falseto, sauti nyembamba isiyo na uzito wa kifua. Msikilizaji alinganishe rangi ya noti hiyo na za jirani zake. Atasikia waziwazi sauti ikibadilisha vazi.

Mlio na mtetemo

Mngurumo si nguvu. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alionyesha kuwa mlio wa okestra una nguvu nyingi karibu na hezi 500, wakati sauti ya mwanamume aliyefundishwa opera huwa na mng'ao wa ziada karibu na hezi 3,000, eneo ambalo okestra imepungua na sikio la binadamu ni kali. Ndiyo maana tenori anaweza kupenya vinanda na tarumbeta bila kupiga kelele. Mng'ao huo ukikosekana mwimbaji hulazimika kusukuma, na kusukuma huharibu kila kitu kilichotajwa hapo juu.

Mtetemo wa sauti nao una kadiri yake. Ulio mzuri huenda mara tano hadi saba kwa sekunde, na huonekana kuwa sehemu ya noti yenyewe. Ukizidi kasi, sauti hulia kama mbuzi. Ukipungua, noti huyumba na msikilizaji hukosa kitovu chake.

Maneno na unyenyekevu wa sauti

Walimu wa zamani walikuwa na jaribio waliloliita messa di voce: noti moja ianze kwa sauti ndogo, ikue hadi ukubwa wake wote, kisha irudi ilikotoka kwa pumzi ileile, bila kubadilika rangi wala kimo. Ni wachache wanaoliweza. Hata anayeimba kwa nguvu usiku kucha huumbuka akiombwa aimbe kwa upole.

Wapenzi wengi wa soka walimjua Pavarotti kupitia "Nessun dorma" wakati wa Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia. Wimbo huo watoka Turandot ya Puccini, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1926, kwa hiyo si bel canto kwa umri. Hata hivyo unafaa kwa zoezi moja: usisubiri mwisho. Sikiliza mwanzo wake wa chini na mtulivu, ambako kila konsonanti ni safi na hakuna cha kujificha nyuma yake.

Sauti inapozeeka

Desemba 1992, katika ukumbi wa La Scala jijini Milan, sauti ya Pavarotti ilipasuka akiimba Don Carlo ya Verdi, na wasikilizaji wa roshani wakamzomea. Alikubali kosa. Kwa mpimaji makini usiku kama huo haufuti wala hauthibitishi lolote peke yake. Njia ya haki ni kuweka kazi moja ya miaka tofauti bega kwa bega. Pavarotti alirekodi L'elisir d'amore nzima mara mbili, mwaka 1970 na tena mwaka 1989 chini ya James Levine. Sikiliza "Una furtiva lagrima" katika zote mbili, ukianzia ubeti wa pili, pale wimbo unapotoka kwenye giza la ufunguo mdogo na kuingia ule mkubwa. Angalia anavuta pumzi wapi, noti ya mwisho ya kila sentensi inabaki mahali pake au inashuka, na pale okestra inaponyamaza karibu na tamati ili aimbe peke yake, angalia kama bado anaweza kuipunguza sauti bila kuipoteza.